Pikapu inainama nyuma nikivuta trela

Swali: Hilux yangu hukaa chini nyuma kila nikifunga trela la saruji. Niongeze springi?

Jibu: Anza na mpangilio wa mzigo. Uzito unaokandamiza ndoano uwe takriban asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela na mzigo wake. Trela la kilo 1,500 likandamize kilo 150 hadi 225. Ukizidi, sogeza mifuko nyuma, karibu na ekseli. Lakini usipitilize! Uzito kwenye ndoano ukiwa mdogo mno, trela huyumba barabarani, na hapo ndipo watu hupinduka.

Springi zilizochoka zibadilishwe. Kuongeza chuma kimoja kwenye springi husaidia, ila gari likiwa tupu litawarusha waliomo. Kwa anayevuta mara mojamoja, napendelea mifuko ya hewa, inayojazwa na kupunguzwa kulingana na mzigo. Shokapu mpya za kawaida hazinyanyui gari.

Usipuuze tatizo hili: nyuma ikishuka, magurudumu ya mbele hukosa uzito, usukani hulegea, na taa huwapofusha wanaokuja. Hata ukishainua nyuma, kiwango cha uzito alichoweka mtengenezaji kinabaki kilekile.