Sindano Isiyoandikwa Daftarini

Sindano iliyotumika ikimchoma muuguzi, hiyo ni ajali ya kazini, hata kama limetoka tone moja tu la damu. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya wahudumu wa afya milioni 35 duniani, milioni 3 hupatwa na ajali za aina hii kila mwaka. Hatari kubwa ni homa ya ini aina ya B: sindano ikiwa na damu ya aliyeambukizwa, kwa asiyechanjwa inaweza kufika asilimia 30, ilhali ya VVU ni kama asilimia 0.3.

Nchini Burundi mwajiri ndiye anayemwandikisha mfanyakazi katika taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii (INSS), na mchango wa hatari za kazini hutoka mfukoni mwa mwajiri peke yake. Mtego uko kwenye saa za mwanzo. Katika kituo cha afya cha binafsi mtaani Mutanga Nord, jijini Bujumbura, zamu ya usiku, mzazi akiwa kitandani, muuguzi huosha kidole kwa sabuni na kuendelea. Dawa za kinga ya VVU huanzwa kabla ya saa 72 kupita na kumezwa siku 28. Hilo wengi wanalijua. Kinachosahauliwa ni kipimo cha damu cha siku ileile. Kikionyesha hana maambukizi, ndicho kitakachothibitisha kwamba ugonjwa uliojitokeza miezi baadaye haukuwepo kabla ya ajali. Wapo wasimamizi wanaomhoji muuguzi habari za chumbani kwake ili mradi tu wasilipe.

Basi tukio liandikwe siku hiyohiyo: saa, chumba, kifaa, shahidi. Nakala yenye muhuri aitunze muuguzi mwenyewe, isilale kwenye droo ya mkurugenzi. Mwajiri akikataa kuitangaza ajali, barua iende INSS na kwa mkaguzi wa kazi. Wanafunzi wa stajo na vibarua waulize namba yao ya INSS kabla hawajashika sindano.

Sheria yenyewe ina kasoro: imemkabidhi kazi ya kutangaza ajali yule yule anayefaidika ikifichwa. Tena huona jeraha kuliko uchovu. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 2010, inataja homa ya ini, VVU na kifua kikuu. Uchovu uliokithiri wa kazi hautajwi. Na uchovu huo una chanzo: Burundi ilifuta malipo ya kujifungua na ya matibabu ya watoto chini ya miaka mitano mwaka 2006, jambo jema, lakini wodi zikafurika. Hata hivyo, idadi ya wagonjwa anaobebeshwa muuguzi mmoja kwa zamu haihesabiwi kuwa ajali.