Kofia Iliyofumuliwa

Somo la kusoma kwanza: Matendo ya Mitume 9:36-42



Leo tujifunze kidogo kuhusu matendo ya huruma. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Nikiwa kwenye mwaka wa kichungaji, nilipangiwa parokia moja mkoani Njombe. Anayeijua Njombe ya Juni na Julai anaijua baridi yake. Akina mama wa WAWATA pale walikutana kila Alhamisi baada ya Misa kufuma kofia na soksi za watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Nikaomba kujiunga. Wakacheka, kisha mama mwenyekiti akanikabidhi sindano mbili na donge la uzi wa njano.

Baada ya wiki tatu kofia yangu ya kwanza ikakamilika. Nikaipiga picha, nikaiweka stetasi na maneno haya: "Upendo kwa vitendo." Hongera zikamiminika, nami nikajiona mtu. Alhamisi nikaipeleka kifua mbele.

Mama mwenyekiti akaingiza vidole ndani, akauvuta ukingo. Haukuvutika.

"Frateri, vitanzi vya mwanzo umevikaza mno. Hii itamwachia mtoto alama kwenye paji la uso. Na hapa ndani umeacha fundo." Akanitazama. "Mwanangu, mtoto wa wiki moja hawezi kukuambia inambana. Wewe ndiye wa kumuuliza kabla hujaanza."

Halafu akatafuta ncha ya uzi, akavuta. Kazi ya wiki tatu ikafumuliwa mbele ya macho yangu, hata dakika tano hazikuisha.

Sitakudanganya, nilikasirika. Mimi nina shahada ya falsafa. Nilishaandika kwenye mtihani, nikimfuata Mtakatifu Thoma wa Akwino, kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Alama nilipata nzuri tu. Kumbe sikuwahi kujiuliza huyo "mwingine" kichwa chake kina ukubwa gani!

Mtoto njiti hupoteza joto haraka. Hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake. Ndiyo maana huvalishwa kofia hata anapolazwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kwa ile njia iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Kofia ikiwa kubwa inateleza na kumfunika uso. Ikiwa ndogo inambana. Uzi ukiwa mgumu unamkwaruza. Kwa hiyo wale akina mama kwanza walimuuliza muuguzi vipimo, wakachagua uzi laini, wakakataa vifungo na mapambo, na kila kofia waliifua kabla ya kuipeleka. Huo wote ni upendo, na hakuna hata kipande kimoja kinachopendeza kwenye picha.

Sasa mrudie Tabitha, yaani Dorkasi wa Yafa. Luka anamwita mwanafunzi, lakini hatuandikii hata neno moja alilosema. Petro alipofika, wajane walimwonyesha nguo. Nguo hizo, anasema Luka, Dorkasi alizitengeneza alipokuwa pamoja nao. Tulia hapo. Alikuwa pamoja nao, kwa hiyo alimjua aliye mrefu, aliye mnene, na yule mzee anayesikia baridi mapema. Petro hakuonyeshwa jinsi Dorkasi alivyojisikia moyoni. Alionyeshwa nguo zilizowatosha wenyewe.

Kosa langu halikuwa uzi tu. Nilianza na moyo wangu, badala ya kuanza na kichwa cha mtoto. Vijana wengi tuko hivyo. Tunapeleka kituo cha watoto yatima nguo tulizozichoka, tunamtembelea mgonjwa saa inayotufaa sisi, kisha tunashangaa hakuna anayefurahi. Yesu anasema alikuwa uchi, tukamvika. Basi aliyevikwa ana mwili, na mwili una vipimo.

Nilifumua mara mbili zaidi, safari hizo kwa mkono wangu. Aristotle alifundisha kwamba fadhila hupatikana kwa kuzitenda. Hakutaja kwamba mara nyingine ni kwa kufumua. Kofia ya nne ndiyo iliyoingia kwenye kikapu. Sijui ilimfikia mtoto gani. Sikuipiga picha.

Maswali ya kujiuliza wiki hii
1. Msaada wangu wa mwisho ulimtosha aliyeupokea, au ulinitosha mimi?
2. Ni nani nimuulize "unahitaji nini?" kabla sijampa chochote?
3. Nikikosolewa katika kutenda mema, nafumua na kuanza upya, au nasusa?

Sala
Bwana Yesu, ulivikwa nguo na Mama Maria ulipokuwa mtoto mchanga usiyeweza kusema. Ulainishe mkono wangu nisikaze pasipostahili. Nifundishe kumtazama ndugu yangu kabla ya kumpa, na nikikosea, nipe unyenyekevu wa kuanza tena. Amina.