Simu ya kondakta yaokoa mtaji wa mtuma vifurushi

Wafanyabiashara wengi wa Mbeya hutuma vipuri na bidhaa nyingine Iringa kwa mabasi ya barabara kuu ya TANZAM, mwendo wa takriban kilomita 330 kupitia Makambako na Mafinga. Mzigo ukiwa njiani, mtaji umesimama.

Chukulia katoni ya Sh. 400,000 imeshushwa Ipogolo usiku bila mpokeaji kujua, ikapotea. Ikiwa faida ya kila katoni ni Sh. 40,000, muuzaji atalazimika kuuza katoni kumi ili kufidia hiyo moja. Tangu safari za usiku ziliporuhusiwa tena mwaka 2023, jambo hili linahitaji uangalifu zaidi.

Kabla ya kulipia mzigo, mtumaji adai stakabadhi yenye namba, namba ya basi, simu ya kondakta na simu ya wakala wa kituo cha kushushia. Dereva asipigiwe akiwa kwenye usukani.

LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, hufuatilia mabasi kwa mfumo wa VTS. Hata hivyo, mfumo huo huonyesha lilipo basi, si katoni iliyomo kwenye buti.

Tahadhari: anayejua mzigo ulipo si lazima awe mwenye mzigo. Wakala akague kitambulisho na stakabadhi, na mpokeaji asimtajie namba ya stakabadhi mpigaji asiyemfahamu. Kwa mzigo wa thamani kubwa, kampuni ya vifurushi yenye leseni ya TCRA ni salama zaidi, hata ikitoza zaidi.