Kiwanja cha Watoto Penye Majabali
Kijitabu kwa kamati za shule, viongozi wa mitaa na wazazi wa Kirumba na vilima vya jirani

Kirumba ina uwanja mkubwa wa CCM unaojulikana nchi nzima. Lakini mtoto wa darasa la tatu anayeishi mlimani hachezi humo. Anacheza njiani, kati ya jabali na ukuta wa jirani, na mpira ukimponyoka unateremka mpaka barabarani naye yuko nyuma yake. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mtoto huyo. Kiwanja salama kinaweza kujengwa mlimani, na sehemu kubwa ya kazi iko ndani ya uwezo wa wananchi wenyewe.

Wengi wakiitazama Mwanza, jiji la miamba, hudhani kikwazo ni jiwe. Jiwe limetulia. Kinachobomoa viwanja vyetu ni maji.

Mchezo uendane na mlima

Kila kamati huanza na ndoto ya soka. Uwanja kamili wa soka una mita 105 kwa 68. Mahali ambapo mlima unashuka mita 1 kwa kila mita 10, upana huo unaleta tofauti ya karibu mita 7 kati ya ukingo wa juu na wa chini. Kusawazisha hapo ni kazi ya mitambo na kuta ndefu, na shule ya mtaa haina fedha hizo.

Mpira wa pete unahitaji mita 30.5 kwa 15.25, na mpira wa wavu mita 18 kwa 9, tena vyote viwili vinaweza kuchezwa kwenye kiwanja kimoja kwa zamu. Kwenye mteremko uleule, upana wa mita 15 unaleta tofauti ya mita 1.5: chimba sentimita 75 upande wa juu, udongo wake uujaze upande wa chini. Hiyo ni kazi ya sululu, toroli na wazazi kwa Jumamosi kadhaa. Ongeza nafasi ya mchezaji kukimbilia nje ya mstari, kisha laza urefu wa kiwanja ufuate ubavu wa mlima. Ukiuelekeza bondeni, utachimba mara mbili zaidi.

Kabla ya sululu, subiri mvua

Tunasisitiza hili kuliko lolote. Masika ya Machi hadi Mei, au vuli ya Oktoba hadi Desemba, nendeni eneo la kiwanja mvua ikinyesha. Chukueni vijiti, mchomeke kila mahali maji yanapopita. Wazee wanaoishi jirani wanazijua njia hizo. Waulizeni, maana mlima una kumbukumbu ambayo ramani haina.

Mvua moja kubwa ya milimita 50 ikianguka juu ya kiwanja cha mpira wa pete peke yake huleta lita zaidi ya 23,000, yaani mapipa zaidi ya 100 ya lita 200. Na hayo ni machache. Mengi zaidi yanatoka juu, kwa sababu mwamba haunywi maji na bati halinywi maji. Yote yanateremka kwa pamoja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni mfereji wa kukinga maji upande wa juu, uliojengwa kwa mawe, unaoyazungusha maji pembeni hadi kwenye mtaro uliopo. Msiyaelekeze uani kwa mtu. Kiwanja kinachomfurikisha jirani kitazaa ugomvi kabla hakijazaa mchezaji.

Jabali lipi liguswe

Mawe yetu ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Maji yaliingia kwenye nyufa zake chini ya ardhi, yakalainisha kingo, udongo ukachukuliwa polepole, yakabaki majabali ya mviringo yamekaa moja juu ya lingine. Mengine yamekaa juu ya mwamba. Mengine yameshikwa na udongo tu, na haya ndiyo ya kuogopa. Usichimbe chini ya jabali lolote, wala mbele yake upande wa bondeni, kabla ya mhandisi wa manispaa kuja kuliona.

Tumekua tukiona jiwe likipasuliwa kwa kuchoma matairi. Tunawaomba muiache njia hiyo: moshi wake ni sumu, na vipande huruka bila kutabirika. Baruti ni ya wenye leseni peke yao. Njia iliyo salama zaidi ni kutoboa matundu kwa mstari na kupigilia kabari za chuma taratibu mpaka jiwe lipasuke, mpasuaji akiwa amevaa miwani. Kokoto zinunuliwe kwa kina mama wanaoponda mlimani hapo hapo. Na jabali kubwa lililotulia pembezoni liacheni. Watazamaji watakalia wapi?

Matabaka

Katika nchi za milima yenye baridi, wanaojenga viwanja vya kuendeshea farasi juu ya miamba wanapambana na maji yanayoganda ardhini na kuiinua. Dawa yao ni kuyatoa maji chini: mawe makubwa, kokoto juu yake, kisha mchanga. Sisi hatuna barafu, lakini mpangilio huo unatufaa. Weka mawe chini, kokoto juu yake, kisha moramu iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka la sentimita 10. Juu kabisa tandaza sentimita chache za chengachenga za mwamba uliooza. Uso ulale kidogo, sentimita 1 kwa kila mita 1, kuelekea mfereji wa pembeni. Mpira mwembamba uliojaa maji unatosha kupima.

Mchanga usichotwe ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Ukuta wa chini unaozuia kifusi uwe na matundu ya kutolea maji, nyuma yake kokoto. Ukizidi mita 1 kwenda juu, uchorwe na mhandisi. Hapo msibane fedha, kwa kuwa chini yake kuna nyumba za watu wanaolala.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, mjumbe mmoja wa kamati aende akayatazame matundu hayo, akisimama pembeni, si chini ya ukuta. Maji yakitoka meupe, kiwanja kinapumua. Yakitoka na rangi ya udongo, tabaka la ndani limeanza kuhama: fungeni kiwanja, mfukue sehemu hiyo na kuipanga upya kabla watoto hawajarudi.