Je, Ni Haki Kumlazimisha Mwananchi Kulipia Redio ya Taifa?

Wakati wa likizo nilisali na Jumuiya Ndogo Ndogo moja kule Rhotia, wilayani Karatu. Baada ya sala, tukiwa tunakunywa chai, mzee mmoja mkulima akaniuliza: "Frateri, kijana wangu aliyeko Uingereza anasema kule ukitazama televisheni unailipia kila mwaka kwa lazima. Usipolipa unapelekwa mahakamani. Hiyo ni haki kweli? Na wakituletea huku?"

Nilijibu haraka: "Si haki, mzee wangu. Mtu asilazimishwe kulipia asichokitaka." Mzee akatabasamu: "Mbona lami ya kwenda geti la Ngorongoro nimeichangia kwa kodi yangu, na gari sina?" Nikakosa la kusema. Makala hii ni jibu langu lililochelewa.

Hali ilivyo

Uingereza ilianza kutoza leseni ya redio mwaka 1922, shilingi kumi za Kiingereza. Mwaka 2025 leseni ya televisheni ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ndiyo inayoiendesha BBC. Tangu 2014 leseni hiyo inachangia pia matangazo ya BBC kwa nchi za nje, Idhaa ya Kiswahili ikiwemo. Kwa hiyo mzee wetu wa Rhotia akisikiliza Dira ya Dunia, kuna mama wa London aliyemchangia bila kumjua.

Hapa Tanzania hatuna ada hiyo. Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) linategemea bajeti ya serikali pamoja na matangazo ya biashara. Ni kusema kwamba tunalilipia tayari kupitia kodi, ila hatupewi risiti yenye jina lake. Basi swali la mzee linatuhusu hata kabla leseni haijaletwa.

Kipimo cha Mtakatifu Thoma

Katika *Summa Theologiae* (I-II, swali la 96, kifungu cha 4), Mtakatifu Thoma wa Akwino anauliza kama sheria ya binadamu inaifunga dhamiri. Anajibu kwamba sheria ya haki inaifunga, na haki ya sheria hupimwa kwa mambo matatu: lengo lake liwe manufaa ya wote, anayeitunga asivuke mamlaka yake, na mzigo ugawanywe kwa uwiano. Tuipime ada ya lazima kwa mambo hayo.

*Kwanza, lengo.* Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2494) inafundisha kwamba habari zinazotolewa na vyombo vya mawasiliano ni kwa ajili ya manufaa ya wote. Redio ya biashara huishi kwa matangazo, na mwenye tangazo hutafuta wanunuzi. Yuko wapi mfanyabiashara atakayelipa ili sauti ifike kwenye boma la Kakesio au Endulen, kwenye watu wachache wasio na fedha ya kununua bidhaa zake? Lakini mfugaji wa huko anahitaji taarifa ya mvua na ya ugonjwa wa mifugo, sawa na mkulima wa vitunguu wa Mang'ola anavyohitaji bei ya soko. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliikumba Katesh, katika jimbo hili hili la Mbulu ambalo Karatu imo, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Nchi yenye milima na mvua kama hizi inahitaji chombo chenye wajibu wa kumfikia kila mtu, awe mteja au asiwe. Hapa mzee alikuwa sahihi: redio ya umma ni kama barabara.

*Pili, mamlaka.* Bunge lina uwezo wa kutoza. Lakini Mtakatifu Thoma anaonya juu ya kiongozi anayewatwika watu mizigo kwa ajili ya tamaa au sifa yake mwenyewe. Chombo kikilipiwa na wote kikawa mdomo wa wachache, lengo lililohalalisha tozo limepotea. Chukueni suala la wakazi wa Ngorongoro kuhamia Msomera, Handeni, lililoanza mwaka 2022. Aliyehama kwa hiari ana haki ya kusikika, na asiyetaka kuhama ana haki hiyo hiyo. Wote wawili ni walipa kodi. Redio ya umma inapimwa hapo: je, mfugaji wa Nainokanoka anaisikia sauti yake, au anasikia tu watu wakimzungumzia?

*Tatu, mgawanyo wa mzigo.* Hapa ndipo leseni inaponikwaza. Ada ya nyumbani ni ileile kwa tajiri na kwa mjane mwenye televisheni moja ndogo. Usawa wa namba si lazima uwe usawa wa haki. Sisi wenyewe tumeonja jambo hili: tangu 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU, na wapangaji wengi walijikuta wanakatwa kodi ya nyumba isiyo yao. Njia rahisi ya kukusanya haikuwa njia ya haki kwa kila mtu. Finland iliacha ada ya televisheni, na tangu 2013 inatoza kodi ya utangazaji kulingana na kipato. Mwenye kipato kidogo kabisa halipi. Mtindo huo unakaribia zaidi fundisho la Mtakatifu Thoma.

Kwa nini isiwe hiari?

Mtu atasema: Radio Maria Tanzania, iliyoanza Songea mwaka 1996, haina matangazo ya biashara na inaishi kwa sadaka za wasikilizaji. Ni kweli, na ni ushuhuda mzuri. Lakini sadaka hutoka kwa waliokwisha kuipenda sauti hiyo. Redio ya umma inamdai hata asiyeipenda, kwa sababu inawajibika kwake pia. Upendo hauamriwi kwa sheria, ila wajibu wa pamoja unaweza kuamriwa.

Jibu kwa mzee

Mzee wangu, naliondoa jibu langu la kwanza. Kulazimishwa kuchangia redio ya umma kunaweza kuwa haki, kama barabara. Lakini leseni sawa kwa wote, kwa nchi yetu, naiona si haki. Heri mchango upitie kodi inayomwangalia mwenye nacho na asiye nacho, fedha yake itajwe wazi na Bunge, na chombo chenyewe kilindwe kisheria kisiogope kumhoji anayekilipa. Na kabla ya kumdai mtu wa Kakesio, sauti imfikie kwanza.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni taarifa gani tunayoihitaji hapa kwetu na hakuna redio inayotupatia?
2. Je, mimi hutimiza wajibu wa kulipa kodi? Je, hufuatilia inavyotumika?
3. Ni jirani gani ambaye sauti yake haisikiki, hata katika jumuiya yetu?

Tumsifu Yesu Kristo!