SOMO LA SAYANSI: MOTO HAUTEKETEZI DHAHABU WALA ZEBAKI

Mkulima wa karafuu anaijua kazi ya moto. Makonyo makavu yakitiwa motoni huungua, yakabaki majivu kidogo. Kwa hiyo mtu hudhani kwamba kila kinachochomwa hukoma. Somo letu la leo litaonyesha kuwa sivyo, na mifano yetu tutaitoa bara, nchi ya Shinyanga na Geita, kusini ya Ziwa Viktoria, ambako watu huchimba almasi na dhahabu.

Tuanze na almasi. Mwaka 1940 Dk. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi nyingi Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga. Almasi ni jiwe gumu sana, lakini si kitu ila kaboni, kitu kile kile kilichomo katika makaa. Mwaka 1772 Mfaransa mmoja, Lavoisier, alikusanya miali ya jua kwa kioo kikubwa akaielekeza juu ya almasi, nayo ikaungua isionekane tena. Je, ilikoma? La. Kaboni yake iliungana na oksijeni ikawa hewa, mfano wa ile tunayoitoa tunaposhusha pumzi.

Kaboni ni elementi, yaani kitu cha asili ambacho moto hauwezi kukigeuza kuwa elementi nyingine wala kukifuta duniani. Dhahabu ni elementi, na zebaki kadhalika. Moto waweza kuziyeyusha au kuzihamisha, basi.

Sasa mtu atauliza: ikiwa moto hauwezi kuunda dhahabu, hii ya Geita ilitoka wapi? Jibu limepatikana juzijuzi tu. Tarehe 17 Agosti 2017, vyombo vya LIGO huko Marekani na Virgo huko Italia vilihisi mtikisiko mdogo mno kutoka mbinguni. Zilikuwa nyota mbili zilizokwisha kufa, ziitwazo nyota za nyutroni, zimegongana. Kila moja ilikuwa nzito kuliko jua letu, lakini upana wake yapata kilomita 20 tu, hata ungeweza kuenea ndani ya kisiwa cha Unguja. Mgongano huo ulitokea mbali sana, hata nuru yake ilisafiri miaka milioni 130 kabla ya kutufikia. Wataalamu walipoichungua nuru hiyo waliona dalili za elementi nzito zilizokuwa zikiundwa papo hapo. Ndipo wakapata ushahidi kwamba dhahabu na wenzake huzaliwa katika vishindo vya namna hiyo. Mwaka 2025 wataalamu wengine walieleza kwamba mlipuko wa nyota ya sumaku kali, ulioonekana Desemba 2004, nao uliunda elementi nzito.

Kwa hiyo dhahabu ilikuwako kabla ya dunia yetu. Kisha, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, maji ya moto yaliyopita katika nyufa za miamba ya Geita yaliiacha humo, na humo imekaa mpaka mchimbaji alipoifikia.

Hapa ndipo linapokuja jambo la kutuhusu sisi. Mchimbaji mdogo husaga jiwe, hulichanganya na maji na zebaki, na zebaki huzishika chembe za dhahabu. Kisha hukamua donge lile kwa kitambaa na kulichoma juu ya makaa. Zebaki hupanda kama mvuke, dhahabu ikabaki. Wengi husema, "Zebaki imeungua." Haikuungua. Ni elementi. Imehama tu: imeingia katika mapafu ya aliyesimama hapo, imetua juu ya paa na shamba, na mvua ikija huipeleka mtoni na ziwani. Ndani ya tope la maji, vijidudu huigeuza sumu kali zaidi, ambayo huingia katika samaki wadogo, kisha wakubwa wanaowala wadogo, na mwisho katika sahani ya mtu.

Madhara yake yamepimwa. Huko Rwamagasa, wilaya ya Geita, mradi wa shirika la UNIDO uliwapima watu wanaofanya kazi hii. Kati ya wachomaji 99, watu 25 walikutwa wamedhurika kwa zebaki: kutetemeka, kuyumba, kusahau na kuona vibaya. Mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi, maana ubongo wake ndio kwanza unajengwa.

Ulimwengu umekwisha kuona hatari hii. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walidhurika kwa kula samaki wenye zebaki, ulianza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, siku moja kabla ya habari ya zile nyota. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Dawa ya kupunguza hatari twaijua sisi wenyewe. Anayetoa mafuta katika makonyo hauachi mvuke uende zake. Huufunga katika chombo, huupitisha katika bomba lililopozwa kwa maji, na mafuta yakadondoka. Mchimbaji naye aweza kuchoma donge lake katika chombo cha chuma kilichofunikwa barabara, chenye bomba la namna hiyo. Zebaki ikipoa hurudi kuwa matone, akaitumia tena wala asinunue nyingine.

Mwanachama mwenye mwana au ndugu machimboni amwandikie maneno haya: asichome zebaki ndani ya nyumba, asitumie kikaango cha kupikia, wanawake wenye mimba na watoto wakae mbali, maji yenye zebaki asiyamwage mtoni, na atumie chombo kilichofungwa.

Maswali ya kuzungumza barazani:
1. Kwa nini almasi huungua na dhahabu haiungui?
2. Zebaki iliyochomwa juu ya makaa huenda wapi?
3. Chombo cha mafuta ya makonyo na chombo cha mchimbaji vinafanana kwa jambo gani?