Kuchagua Mbao za Sakafu ya Nje

Sakafu ya mbao iliyojengwa nje ya nyumba juu ya nguzo hufaa hasa mahali penye mteremko, kama Limuru au milima ya Taita, ambapo kusawazisha ardhi kungegharimu fedha nyingi. Penye uwanja tambarare ni afadhali kutandika mawe ya Mazeras, wala yasifikiriwe tena. Lakini sakafu ya mbao hunyeshewa na kuanikwa juani mwaka mzima, na nguzo zake husimama katika makao ya mchwa. Tena, ikiwa imeoza, mara nyingi haivunjiki ikiwa tupu. Huvunjika siku ya wageni, uzito ulipozidi.

Kosa lionekanalo mara nyingi ni kununua mbao nzuri za juu na kutia mabaki chini. Ubao wa juu ukiharibika, seremala huubadilisha kwa muda mfupi. Nguzo ikioza, hapana budi kubomoa. Basi fedha na zianzie chini.

Mti mkubwa una kiini cheusi au chekundu, na kando yake mbao nyeupe. Kiini cha mvule, mbambakofi, msaji na mwangati (ambao wengi huuita seda) hakioziki upesi wala hakipendwi na mchwa. Sehemu nyeupe ya miti hiyo hiyo huliwa kama mti mwingine wowote. Kwa hiyo haitoshi kuambiwa dukani kwamba ubao ni wa mvule: sharti utazamwe pande zote nne. Mvule ni ghali, maana mti wake hukua polepole.

Mwenye fedha kidogo atanunua mbao zilizotiwa dawa, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupunjwa. Dawa ya kweli hutiwa ndani ya pipa kubwa la chuma: hewa hunyonywa kwanza, kisha dawa husukumwa kwa nguvu hadi ndani ya mti. Rangi yake ni ya kijani, kama ile ya nguzo za umeme. Msonobari huinywa vema. Mkaratusi huinywa katika sehemu nyeupe tu, wala si katika kiini. Ndiyo sababu nguzo nzima ya mviringo, yenye nyeupe yake pande zote, hudumu kuliko mkaratusi uliopasuliwa kwa msumeno. Mnunuzi na aombe kipande kikatwe mbele yake. Ikiwa ukijani ni kama ngozi tu, mbao hizo zilipakwa kwa brashi. Oili chafu ya magari nayo hukaa juu juu, na mvua huipeleka shambani.

Nguzo yenye dawa isikatwe upande utakaoingia ardhini, kwani ukataji hufunua sehemu isiyo na dawa. Ikatwe juu, na palipokatwa papakwe dawa. Lililo bora zaidi ni kuisimamisha juu ya kitako cha saruji kilichoinuka inchi 6, ili vichuguu vya mchwa vionekane mapema.

Siku hizi zipo pia nguzo za plastiki iliyoyeyushwa upya. Mafundi wa Lamu walijenga hata jahazi kwa plastiki ya namna hiyo, nalo likashushwa majini mwaka 2018. Mchwa hawaigusi, lakini hupinda ikibeba mzigo kwa urefu, na juani huchoma nyayo.

Kwa ubao wa inchi 1, boriti zisiachane zaidi ya inchi 16, na kati ya ubao na ubao iachwe nafasi ya unene wa msumari wa inchi 4, maji yapite. Misumari iwe ya kupakwa zinki, maana shaba iliyomo katika dawa hula chuma kitupu. Karibu na bahari inafaa chuma kisichoshika kutu.

Dawa hiyo ya kijani ina sumu ya aseniki. Huko Marekani viwanda viliacha kuitia katika mbao nyingi za nyumba za kukaa mwishoni mwa 2003. Palipo na watoto watambaao, mbao za juu ziwe za kiini kisicho na dawa, na zenye dawa zibaki chini. Vipande vilivyosalia visitiwe jikoni kamwe, wala majivu yake yasimwagwe penye mboga.